Mlinda Magari Aliyepigwa na Wenye Magari

Saa tatu asubuhi, na maegesho ya nyuma ya jengo hili la ghorofa nne yameshajaa pomoni. Mzee mmoja mwenye kizibao cha manjano amesimama pale magari yanapoishia na ngazi zinapoanzia, mikono kaiweka nyuma kama mwalimu wa zamu anayesubiri wachelewaji.

Mwanamke mwenye viatu vya kisigino anapita mbio, simu sikioni. Mkono wake mwingine unabonyeza rimoti kwa nyuma, bila hata kugeuza shingo.

"Mama, rudi ukavute," mzee anamwambia.

"Nimefunga, mzee. Si umesikia imelia?"

"Iliyolia ni ya jirani yako. Rudi ukavute, mama, haikugharimu kitu."

Mwanamke anasonya, anarudi, anavuta kitasa cha mlango. Umefungwa. "Haya, roho imetulia?" anauliza akipita tena.

"Imetulia kabisa. Kazi njema," mzee anajibu, na usoni anaonekana ametulia kweli.

Hapa anaitwa Mzee Vuta. Wageni wakilisikia jina hilo hudhani anavuta kitu kingine, na wenyeji hawana haraka ya kuwasahihisha. Jina limetokana na kazi yake. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akipita gari moja baada ya jingine, akivuta vitasa kuona kama milango imefungwa kweli.

Siku hizi havuti. Uongozi wa jengo umemkataza kugusa gari la mtu. Isitoshe, vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena.

Waliovivunja ni wenye magari.

Mwandishi wa makala haya alipoambiwa habari hiyo mara ya kwanza alidhani amesikia vibaya, akaomba arudiwe. Mzee Vuta alirudia polepole, kisha akageuka kumwambia kijana mmoja aliyekuwa anashuka garini, "Mwanangu, begi usiliache kwenye kiti."

Mwizi haji na nyundo

Wengi wetu tukifikiria wizi wa magari tunafikiria kioo kilichopondwa na vipande kuzagaa chini. Mzee Vuta anasema huo ni wizi wa mtu mwenye papara.

"Mwizi wa hapa havunji. Anakuacha wewe mwenyewe umwachie mlango wazi," anasema. "Anakaa karibu na kidude chake mfukoni. Wewe ukibonyeza kufunga, na yeye anabonyeza. Chake kinaizuia rimoti yako, gari halisikii. Wewe umeshageuka, uko kwenye simu, unamwambia mtu nakuja, nakuja. Gari lako liko wazi kama soko."

Ndiyo maana akaanza kuvuta. Hakutumwa na mtu. Siku za mwanzo za ajira yake mwalimu mmoja mstaafu alirudi kutoka kliniki ya meno iliyopo ghorofa ya chini, akakuta gari lake halina kitu, na milango haina hata mkwaruzo. Mwalimu yule alimlaumu mkewe kwa kusahau kufunga. Wakagombana pale pale mbele za watu.

"Nikaona hii sasa imekuwa fitina ndani ya nyumba za watu," anasema mzee. "Kesho yake nikaanza kuvuta."

Alipokuta mlango umefunguka hakuingiza mkono ndani. Aliusukuma urudi, akaupa mgongo, akamtuma mlinzi wa geti kumwita mwenye gari. Wengine walimshukuru. Wengine walimtazama kwa jicho la pembeni, wakahesabu vitu vyao mbele yake.

"Hilo la kuhesabu linauma," anakiri. "Lakini unameza. Kazi ndiyo hiyo."

Mengine aliyojifunza anayagawa bure kwa kila anayesimama kumsikiliza. Mzigo uweke kwenye buti kabla hujafika, kwa sababu ukiuhamisha hapa kuna macho yanakuona. Droo ya mbele iache wazi na tupu, mwizi achungulie aone hakuna kitu. Koti usilitandike juu ya begi. "Koti kwenye kiti mchana wa jua kali," anasema akicheka, "maana yake umemwandikia mwizi barua."

"Anafungua gari! Mwizi!"

Siku iliyombadilishia maisha ilianza kama hii, asubuhi, maegesho yakiwa yamejaa. Mzee Vuta alikuwa mstari wa pili. Akavuta kitasa cha gari la kijivu la wakala wa bima mwenye ofisi ghorofa ya tatu, kijana mpole anayejulikana na kila mtu hapo. Mlango ukafunguka.

Kabla hajausukuma urudi, sauti ikapasuka nyuma yake: "Mwizi! Mwizi! Anafungua gari!"

Aliyepiga ukelele alikuwa bwana mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi, faili kwapani, ufunguo wa gari mkononi. Mzee Vuta alikuwa akisalimiana naye kwa majuma kadhaa.

"Habari za kazi, nzuri, siku njema. Kila siku," anakumbuka. "Ufunguo hautoki mkononi mwake. Mtu ana ufunguo mkononi, utamwuliza gari lako liko wapi? Mimi kazi yangu yote ni magari, na sikuwahi kujiuliza mbona huyu sijawahi kuona gari lake."

Gari hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni kile kidude, na mzee mmoja msumbufu aliyekuwa akimharibia kila mlango alioutega.

Sote tunajua neno lile linavyofanya kazi. Halingoji ushahidi. Watu walitoka kwenye ngazi, kwenye kliniki, kwenye magari yao, na kila aliyefika alimkuta mzee kashika mlango wa gari lisilo lake. Wa kwanza kumfikia alikuwa mwenye gari, wakala wa bima, aliyekuwa bado kwenye ngazi akiongea na simu. Alikuja mbio na hakuuliza.

"Nilisema ni mimi, ni mimi," anasimulia Mzee Vuta. "Nikidhani wakisikia sauti watanijua. Mtu mmoja akasema, ndiyo, tumejua kuwa ni wewe! Hapo nikaona nimekufa."

Alikanyagwa mkono. Alivunjwa mbavu mbili. Sikio la kushoto mpaka leo linasikia kama mtu aliye ndani ya pipa. Mmoja wa waliompiga alikuwa mtu ambaye gari lake alilikuta wazi mwezi uliotangulia, akalilinda juani mpaka mwenyewe alipotoka kliniki na shavu limevimba.

Aliyemwokoa ni mfagizi wa jengo, mama mfupi wanayemwita Mama Deki. Alikuwa anasugua ngazi. Hakuwa na fimbo wala cheo. Alichukua ndoo ya maji machafu ya deki, yenye sabuni na kila uchafu wa ghorofa nne, akawamwagia wote kichwani, kisha akamlalia mzee juu.

"Suti zao zililowa, wakarudi nyuma," anasema Mama Deki, na hacheki hata kidogo. "Unajua niliwaza nini? Niliwaza, huyu kaka akifia hapa, mimi ndiye nitakayeambiwa nisafishe. Nikasema hapana. Hiyo damu sifuti."

Mwandishi alimwomba arudie maneno hayo ayaandike vizuri. Alikataa. Alisema yakishasemwa mara moja yanatosha.

Walichokiona kwenye kamera

Polisi walipofika walimchukua Mzee Vuta kituoni kabla ya hospitali. Ndiyo, kituoni kwanza. Alikaa kwenye benchi la mbao akitokwa damu sikioni, akishtakiwa kujaribu kuiba kwenye gari. Mkewe, fundi cherehani anayeshonea nyumbani, alifika na kanga begani na nusu ya sare ya shule ya mtoto wa watu bado mkononi.

"Niliambiwa mumeo kakamatwa anaiba," mkewe anasema. "Nikawaambia, baba watoto? Huyu anayerudisha sukari ya jirani hata ikiwa kijiko? Wakasema, mama, wote wanasema hivyo."

Huku nyuma, wakala wa bima alirudi kwenye gari lake kupangusa viatu. Begi lake halikuwepo. Ndani yake mlikuwa na kompyuta, vyeti vyake vyote vya shule, na hati ya kiwanja cha mama yake aliyokuwa ameibeba kwenda kuitolea nakala. Alipanda kwa meneja wa jengo akifoka kwamba mzee ana wenzake. Akadai kamera ifunguliwe.

Meneja, mama wa makamo asiyependa makelele, alifungua. Waliokuwemo chumbani ni yeye, wakala, na fundi wa kamera.

Kwenye picha, mzee anavuta kitasa, mlango unafunguka, anaanza kuusukuma urudi. Bwana nadhifu anapiga ukelele. Watu wanajaa upande wa dereva, mateke yanaanza. Na bwana nadhifu, bila haraka yoyote, anazunguka upande wa pili wa gari lile lile, anafungua mlango, anachukua begi, analitundika begani. Anaelekea getini. Geti halina mtu, maana mlinzi naye amekimbilia kupiga. Mlangoni anasimama kumpisha mama mwenye mtoto mgongoni, kisha anatoka.

Wakati huo huo, kando ya gari, mwenye begi anaonekana akimpiga teke mtu pekee aliyekuwa akililinda.

"Picha ilipokwisha tulimtazama mwenye begi," meneja anasimulia. "Yule kijana alikaa chini sakafuni. Viti vilikuwepo. Alikaa sakafuni."

Mzee Vuta aliachiwa siku iliyofuata. Bwana nadhifu hajapatikana hadi leo.

Swali moja

Miezi minne Mzee Vuta alikaa nyumbani bila mshahara. Nyumba iliendeshwa na cherehani. Binti yao wa mwisho, anayesomea uuguzi, alitaka kuacha chuo arudi. Baba yake alimwambia akifanya hivyo atakuwa amemalizia kazi ya wale watu.

Maumivu, anasema, hayakumsumbua kama majirani. Habari ya kukamatwa ilifika mtaani kabla yake, na ile ya kuachiwa haikuwa na miguu. Dukani mazungumzo yalikatika akiingia. Mama mmoja wa nyumba ya pili alianza kuingiza ndani nguo zake zilizoanikwa kila mzee alipokuja kuota jua uani.

"Nguo mbichi!" mkewe anadakia. "Anaanua nguo mbichi!"

Ndipo siku moja mchana wakala wa bima alipokuja kubisha hodi. Mke wa mzee alimfungulia, akamtambua, akasimama katikati ya mlango.

"Umekuja kumalizia?" alimwuliza.

Kijana aliomba tu kumwona mzee. Alikalishwa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mke wa mzee akarudi kwenye cherehani yake akisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba shukrani ya punda ni mateke, na huyo punda sasa kavaa tai.

Mzee Vuta alitoka akijishika ubavu. Anasema hakuwa na hotuba. Alikuwa na swali moja tu lililomnyima usingizi.

"Nilimwuliza, ulipokuwa unanipiga, ulinijua?"

Alitegemea aambiwe hapana. Alitegemea aambiwe mzee, nilipagawa, sikuona. Jibu hilo alikuwa tayari kulipokea, angelala nalo.

"Akaniambia, nilikujua. Nilikuona usoni. Nilidhani kumbe siku zote ulikuwa unatuzuga, na hasira ikazidi."

Tumezoea kujifariji kwamba kundi hupiga kwa kutojua. Huyu alijua, na kule kujua ndiko kulikompa nguvu mguu wake. Inatisha kuliko yale ya kwenye kamera.

"Angalau hakunidanganya," mzee anasema. "Nimemsamehe kwa mdomo. Moyo bado tunajadiliana nao."

Baadaye kijana alilipa sehemu ya matibabu. Mkewe Mzee Vuta alizipokea fedha kwa mkono wa kulia na kumuaga kijana kwa mkono wa kushoto, bila kumkaribisha maji.

Jengo lilimrudisha kazini kwa sharti moja. Asiguse gari la mtu. Meneja anasema si kwamba hamwamini. "Namlinda. Siku nyingine Mama Deki anaweza asiwe kwenye ngazi." Mzee alikubali, maana ada ya chuo haingoji. Lakini anasema asubuhi nyingi anasimama hapa akijua kwa hakika kuna gari liko wazi kwenye mistari ile, na mikono yake yote miwili iko nyuma.

Saa sita na nusu

Mwandishi alikuwa anafunga daftari lake wakati gari la kijivu lilipoingia. Wakala wa bima alishuka, akabonyeza rimoti, akaenda hatua chache, kisha akarudi. Siku hizi anarudi bila kuambiwa. Akavuta kitasa.

Mlango ukafunguka.

Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, gari halikulia. Alinyanyua uso na kutazama huku na huku.

"Wapo," alisema kwa sauti ndogo. "Mzee, wapo humu."

Hakupiga kelele. Lakini dereva wa gari la jirani alisikia, na yeye koo lake lilikuwa zima. "Wezi! Wezi wa rimoti wako humu ndani!"

Ungedhani yaliyotokea hapa yaliwafunza watu kitu. Milango ilifunguka, ngazi zikajaa. Mtu akanyoosha kidole mstari wa nne, ambako kijana mmoja alikuwa anatembea baina ya magari akiangalia huku na kule, ufunguo mkononi, gari hakuna. "Yule pale! Mwenye ufunguo!" Bwana mmoja aliyetoka kusafishwa meno, pamba bado mdomoni, aliinama akaokota kipande cha tofali.

Mzee Vuta alikimbia. Kwa mbavu zile, alikimbia. Alifika mbele ya kijana yule, akawageukia watu na kutanua mikono yote miwili, ule mzima na ule mbovu.

"Hapigwi mtu hapa!" Sauti ilimkatika, akaanza upya. "Hapigwi mtu! Nipigeni mimi, mmeshazoea!"

Watu walisimama. Wengine walikuwa wanamjua. Wengine, bila shaka, walikuwepo siku ile.

Bila kuwapa mgongo watu, alimwuliza kijana kwa sauti ya chini kama anayeongea na mwanawe, "Gari lako lipi, baba?"

Kijana alijieleza kwa maneno yaliyogongana. Mwisho wakasikia kwamba gari ni la shemeji yake, amekuja kumchukua dada yake kliniki, na amesahau ameliegesha wapi. "Ni la bluu," alisema. "Naapa ni la bluu."

"Bonyeza."

Alibonyeza. Hakuna kilicholia. Kundi likasogea hatua moja.

"Sogea karibu na yale ya mwisho, ubonyeze tena," Mzee Vuta alisema, akitembea naye kinyumenyume, mikono bado kaitanua. Walipofika mstari wa mwisho kijana alibonyeza mara nyingi mfululizo. Kwenye kona, nyuma ya lori dogo, gari la bluu likawaka taa na kulia.

Bwana wa tofali alilitazama tofali lake. Aliliweka chini taratibu, pembeni, mahali ambapo halitamkwaza mtu. Wengine walianza kutazama simu zao. Hakuna aliyemwomba kijana radhi. Dada yake alitoka kliniki akimwuliza mbona analia.

Mwandishi wa makala haya ameandika habari za misiba na ajali, lakini jambo kama lile hakuwahi kuliona. Kipande cha tofali kilikuwa hatua chache tu kutoka kichwa cha mtoto wa watu, kwa kosa la kusahau alipoegesha. Na mwizi mwenyewe, kama bado alikuwepo, huenda alikuwa amesimama katikati yetu akishangaa kama sisi.

Wakala wa bima hakuwa ameondoka kando ya gari lake. Alikuwa amesimama vile vile, mkono kwenye mlango wazi, machozi yanamtoka.

"Angalau safari hii hakuja kupiga," Mzee Vuta alisema alipomwona, kisha akaomba akalishwe mahali, kwa sababu ubavu ulikuwa unamchoma. Mama Deki alimletea ndoo, akaipindua, akamkalisha.

Kabla ya jioni alipanda kwa meneja. Ameomba mambo mawili. Kwanza, kibao kikubwa kwenye ngazi kinachowaambia watu wavute vitasa vyao wenyewe. Hicho kimekubaliwa. La pili ni ruhusa ya kurudi kuvuta, kwa mkono wa kushoto, wapangaji wote wakitangaziwa kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Meneja amesema atalifikiria. Mkewe, alipopigiwa simu, amesema akiruhusiwa ataanza kuja naye kazini na cherehani yake akae pale pale mstari wa pili, na mtu ajaribu.

Mzee anacheka, anajishika ubavu, anaacha kucheka. Ada ya mwisho ya binti yake imebaki muhula mmoja, na baada ya hapo angeweza kupumzika. Hataki.

"Sitaki wanipende, wala hawana haja ya kunishukuru," anasema. "Nataka kitu kimoja tu kabla sijastaafu. Mtu akiniona nimeshika kitasa cha gari lake, aniulize kwanza."